Siku Jumuiya Ilipokuja Kuibariki Ndege Yangu ya Kivita

Ndege yangu ya kivita ilinyunyiziwa maji ya baraka Jumamosi moja mchana, mbele ya akina mama kumi na mmoja, katekista mmoja, na jogoo aliyekuwa amebakisha saa moja ya kuishi.

Najua utasema nimebuni. Hata mimi nikiisoma hiyo sentensi naitilia shaka.

Lakini niko na mashahidi. Na niko na kibodi iliyokufa, nimekataa kuitupa mpaka leo.

Naitwa Musili. Nina miaka ishirini na minne na digrii ya takwimu. Wakati haya yanatokea nilikuwa nimerudi nyumbani Kangundo, kwa nyanya yangu, nikingoja kazi. Nilikuwa nimetuma maombi ya kazi mengi mpaka nikaacha kuhesabu, na mtu wa takwimu akiacha kuhesabu, jua mambo yamefika mbali.

Nyanya yangu anaitwa Syokau. Sisi tunamwita Susu.

Mimi nilipewa jina la marehemu mume wake, kwa hivyo kwa desturi yetu mimi ndiye mzee wa boma. Hajawahi kuniita mjukuu. Huniita mume wangu. Akinituma dukani atasema, "Mume wangu, niletee chumvi." Nikichelewa kuamka atasimama mlangoni na kuuambia ukuta kwamba mume wake wa kwanza alikuwa anaamka kabla ya ng'ombe, ila huyu wa pili alipewa bila kuruhusiwa kuchagua.

Sasa nikueleze kuhusu ndege.

Kuna mchezo wa vita wa kompyuta. Wengine wanaendesha vifaru, wengine meli, sisi wengine tunaruka. Unaanza na ndege kuukuu yenye feni puani, inayotetemeka kama pikipiki ya mitumba. Ukipigana vizuri unapata pointi, na pointi zinakufungulia vifaa kimoja kimoja. Leo injini. Mwezi ujao mabawa. Mwezi mwingine rada.

Yangu ilinichukua miezi minane. Kila kifaa nilikipigania. Nilipigwa, nikaanguka, nikaungua, nikapaa tena.

Na mkiani niliandika, kwa rangi ya njano: SYOKAU.

Sababu ni moja tu. Kwa miezi yote hiyo, mtu pekee ambaye hakuniuliza kama nimepata kazi alikuwa yeye. Alikuwa ananiwekea chakula tu, ananiombea kwa sauti nikisikia, kisha anaenda kuangalia kuku wake.

Kompyuta ilikuwa laptopu ile ile ya chuo, feni yake inanguruma kama mashine ya kusaga unga. Intaneti ilitoka kwenye simu, na simu ilikaa ndani ya sufuria, juu ya tangi la maji, kwa sababu pale tu ndipo mtandao ulikuwa unashika.

Cheka tu. Sufuria hiyo imeshinda vita nyingi.

Usidhani nilikuwa nacheza kutwa. Asubuhi watu walikuja na karatasi zao. Siku hizi kila kitu cha serikali kiko mtandaoni, na si kila mtu anajua mlango ni upi. Mama Ndanu alikuja mara nne kwa cheti kimoja cha kuzaliwa cha mtoto wake. Nilikuwa nawajazia fomu, wananishukuru, wanaenda, nami naruka. Hayo sikuyahesabu kuwa kazi. Kazi ilikuwa ile niliyokuwa naitafuta.

Basi, Jumanne moja, saa kumi alasiri, nikafungua kifaa cha mwisho.

Ndege ikakamilika.

Niliruka kutoka kwenye kiti, nikagonga balbu kwa kichwa. Susu alikuwa kizingitini akimenya mbaazi. Akauliza, "Ni nini, mume wangu?"

"Susu, ndege yangu imekamilika. Haijabaki hata kitu kimoja. Jumamosi saa tisa tunapaa."

Akaweka ungo chini. Akaniangalia muda mrefu, macho yake yakalowa kidogo.

Akasema, "Ngai ni museo." Yaani Mungu ni mwema.

Kisha akajifunga leso, akachukua fimbo yake, akatoka. Sikumuuliza anaenda wapi. Nilikuwa na ndege ya kuitazama.

Alhamisi nikaenda dukani kwa Josphat kununua bando. Josphat ni mtu ambaye hawezi kukuuzia hata kiberiti kabla ya kukutania, na akikutania uso wake haubadiliki. Unaweza kudhani yuko mazishini.

"Rubani, karibu," akasema.

Nikacheka.

Yeye hakucheka. Akasema amesikia Jumamosi jumuiya yote iko kwetu, wanakuja kubariki. Akaomba nikipaa nipite juu ya duka lake polepole, nisiezue mabati.

"Kubariki nini?" nikamuuliza.

"Si kazi yako? Susu amezunguka nyumba zote na ile fimbo. Hata yule jogoo mwekundu ameshasomewa hukumu."



Kama hutoki kwetu, hebu nikueleze. Mtu wa jumuiya akipata chombo cha kumpa riziki, hakianzi kazi hivi hivi. Majirani tunaosali pamoja nyumba kwa nyumba huja. Wanaimba, katekista ananyunyiza maji ya baraka, watu wanakula. Nimeona pikipiki zikibarikiwa. Nimeona cherehani. Niliwahi kuona pampu ya kupulizia kahawa dawa ikibarikiwa, mwenyewe ameivaa mgongoni, amefumba macho.

Ndege sikuwa nimeona.

Nikaelewa yote mara moja, ama nilidhani nimeelewa. Susu wangu ameamini nimeajiriwa kurusha ndege. Ametembea nyumba kwa nyumba, kwa magoti yake yale mabovu, akitangaza. Jumamosi watu watafika, wataangalia boma lote, watakuta ng'ombe mmoja na kompyuta. Atachekwa. Mwanamke wa miaka sabini na sita, ambaye kanisani watu humpisha njia, atachekwa mpaka kijito cha chini kule, na sababu ni mimi.

Mimi ni mtu ninayeamini ukweli. Marafiki zangu wa chuo walikuwa wananicheka kwa hilo. Kwa hivyo niliamua kusema, siku hiyo hiyo.

Nikamkuta jikoni. "Susu, kuhusu ile ndege..."

"Usiogope," akanikatiza, akigeuza sima. "Hata mume wangu wa kwanza aliogopa siku baiskeli yake ilipobarikiwa. Alisimama pale kama mtoto wa kipaimara."

Nikala sima yangu.

Ijumaa asubuhi nikajaribu tena. Nikamkuta anapiga pasi shati langu jeupe la mahafali, kwa ile pasi ya makaa, anaimba. Anaipitisha kwenye kola polepole kama anayebembeleza mtoto.

Niambie wewe ungeweza. Mimi sikuweza.

Nikampigia Kioko. Kioko ndiye nahodha wa timu yetu, anakaa Machakos mjini. Nilimweleza yote nikiwa nusu ya kulia. Akasikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Buda, ukweli lazima useme. Lakini sema baada ya mechi."

Kwa sababu Jumamosi hiyo saa tisa tulikuwa tunakutana na timu ya Syokimau, ule mtaa wa pembeni mwa Nairobi.

Syokimau ni wale wa intaneti ya waya na viti vya kuzunguka. Walikuwa wametupiga mara tano mfululizo. Nahodha wao ni msichana mmoja anaitwa Lavender, fundi wa cherehani katika kiwanda kimoja cha nguo za kuuza nje kule EPZ, na angani hana huruma hata chembe. Mara zote tano aliniangusha mimi wa mwisho, na mara zote tano aliandika maneno yale yale: "Pole, Kangundo. Rudi kwa kahawa."

Ndege yangu iliyokamilika ilikuwa dawa yake.

Jumamosi ikafika.

Jumuiya ilisema saa nane. Nikapanga hivi: waje saa nane, niseme ukweli saa nane na dakika tano, niombe msamaha, nilie kidogo, na saa tisa niwe hewani.

Saa nane hakuna mtu. Saa nane na nusu hakuna mtu. Saa tisa kasoro dakika kumi na mbili nikasikia wimbo ukipanda kutoka barabarani.

Walikuja kama wanaenda kuchukua bibi harusi. Mbele alikuwa Mwalimu Pauline, mwenyekiti wa jumuiya, mwalimu mstaafu aliyenifundisha kuandika. Nyuma yake akina mama kumi, wengine na sufuria kichwani. Mwisho katekista Urbanus, mtu mnene mwenye upole mwingi, na ndoo ndogo ya maji ya baraka na tawi la majani mabichi. Na nyuma kabisa, mikono nyuma, uso wa mazishi, Josphat, aliyefunga duka ili asikose.

Susu alivaa ile nguo ya Pasaka.

Kompyuta ilikuwa mezani sebuleni, imewashwa, ndege iko kwenye skrini inangoja. Kioko ananiita kwenye hedifoni shingoni kama mbu. Waliingia wote, wakajaza chumba. Urbanus akavuta pumzi, akauliza, "Haya kijana, iko wapi?"

Nikasimama mbele ya meza. Shati jeupe, jasho mgongoni.

Nikasema yote.

Nilisema hakuna ndege. Nilisema ni mchezo, iko ndani ya kompyuta tu, haina uzito hata wa unyoya. Nilisema sina kazi, sijaajiriwa na mtu yeyote kurusha chochote. Nilisema kosa ni langu, Susu hana hatia, na kama kuna mtu anataka kucheka, anicheke mimi. Niliinamisha kichwa nikangoja.

Nje jogoo akawika, maskini.

Kisha Mwalimu Pauline akasema, kwa ile sauti ya darasa la tatu, "Musili, kaa chini."

Nikakaa.

"Kwani ulidhani tulidhani uko na ndege?"



"Tungeiegesha wapi? Kwa ng'ombe wa Syokau?"

Hapo ndipo nyumba ililipuka. Sijawahi kusikia watu wakicheka hivyo. Mama Ndanu alikaa sakafuni. Urbanus alicheka mpaka maji ya ndoo yakamwagikia kiatu chake. Hata Josphat, nilimwona kwa macho yangu, uso ulipasuka, akageukia ukuta.

Mwalimu akangoja watulie. Akasema wamekuja kubariki kompyuta.

Kompyuta.

Akanieleza kama mtu anayemweleza mtoto kwa nini sita mara saba ni arobaini na mbili. Pensheni yake ilikuwa imekwama miaka miwili, mpaka akaja kukaa kwenye kile kiti na mimi nikaikwamua kwa asubuhi tatu. Mtoto wa Mama Ndanu alikuwa amekataliwa shule kwa kukosa cheti, sasa yuko darasani. Akaendelea hivyo akizungusha kidole chumbani, na kila mama kidole kilipomfikia aliitikia kwa kichwa. Kulikuwa na mbolea, kulikuwa na kitambulisho kilichopotea, kulikuwa na mtoto aliyepata nafasi ya chuo siku ya mwisho, saa ya mwisho.

"Pampu ya kahawa tulibariki," akamaliza. "Hii tungeiacha kwa nini?"

Nilimgeukia Susu. "Lakini nilikuambia ndege, nawe ukalia."

"Mume wangu," akasema, "nimekaa nyuma yako miezi minane nikimenya mbaazi. Unadhani sioni? Nimekuona ukianguka kila siku na kila siku ukirudi. Siku umemaliza kitu, nikasema basi, huyu sasa hata kazi zingine atamaliza. Nikaona ni wakati wa kuita watu."

Kisha akainama mbele ya skrini, akakaza macho. Akaweka kidole kwenye mkia.

"Hili ni jina langu."

Nikasema ndiyo.

Vigelegele vilivyopigwa pale, nadhani hata sufuria ya tangini ilitikisika.

"Musili," Kioko akawa anapiga kelele shingoni mwangu, "dakika mbili. Uko ama hauko?"

Nikawaeleza kwamba kuna mechi. Nilitegemea waniambie baraka kwanza, mchezo baadaye. Mwalimu Pauline aliuliza tu tunapigana na nani. Nikasema Syokimau.

"Wale waliokuja kununua mashamba wakatuambia barabara yetu ina vumbi?" akauliza mama mmoja.

Nikasema si wale hasa, ila ni majirani zao.

"Bariki haraka," Mwalimu akamwambia Urbanus.

Urbanus ana mkono mzito. Pikipiki zinajua. Alichovya tawi lote kwenye ndoo, akalitoa likichuruzika, na nilipoona linapanda juu nikajitupa mbele kuikinga kompyuta kwa kifua changu na shati la mahafali. Nilikinga skrini. Nilikinga feni. Kibodi upande wa kulia sikuifikia.

"Kwa jina la Baba," akasema Urbanus, na maji yakashuka kama mvua ya Aprili.

"Amina," wakajibu wote.

Nilipangusa kwa mkono wa shati, nikavaa hedifoni sikio moja, nikakaa. Susu akavuta kiti chake nyuma yangu, pale pale anapokaa siku zote. Kabla sijapaa akaniinamia.

"Wewe unazunguka sana," akasema. "Kila siku unazunguka kama mtu aliyepoteza funguo. Mwewe anayenichukulia vifaranga hazunguki hivyo. Anakuja na jua mgongoni. Ukiinua macho unaona mwanga tu, na kifaranga kimeenda."

Saa tisa ilikuwa imefika.

Tulipaa sita kwa sita.

Ee, ile ndege. Siwezi kukueleza. Miezi minane nilikuwa naendesha kitu kinachokohoa, na sasa nikigusa tu, inapanda kama imetupwa na mkono. Nilimwangusha mmoja kabla akina mama hawajamaliza kuuliza sisi ni wale wa rangi gani. Nikawaambia sisi ni wa mkia wa njano. Baada ya hapo sikusikia tena Kioko, kwa sababu chumba kizima kilikuwa kinapiga kelele, "Kimbia, Syokau! Geuka, Syokau!" na Susu mwenyewe nyuma yangu anawaambia watulie, mume wake anaendesha.

Dakika ya saba tulibaki wawili. Mimi na Lavender.

Alinikuta chini, karibu na milima. Alikuja kutoka nyuma, kama kawaida yake, bila haraka. Kompyuta ikaanza kulia ile sauti ya onyo: kombora limerushwa. Halafu ikalia tena. Makombora mawili, yote ya kufuata joto.

Kuna kitufe cha kurusha vimoto vidogo nyuma ya ndege ili kombora lidanganyike. Sisi tunaviita vimulimuli. Mtu mwenye akili anarusha viwili, vitatu, anabakisha. Nikabonyeza mara moja.

Kitufe kikabonyea.

Hakikurudi.

Kilikuwa upande wa kulia wa kibodi.

Vimulimuli vikaanza kumwagika. Kumi. Ishirini. Arobaini. Anga yote nyuma yangu ikawaka kama sherehe ya mwaka mpya, mimi napiga kitufe kwa kidole, kwa ngumi, hakisikii. Kombora la kwanza likapotea kwenye moto ule. La pili likafuata la kwanza. Akina mama waliona ni maridadi sana wakapiga vigelegele. Mimi nilikuwa naona kitu kingine: kile kihesabio kinashuka mpaka sifuri.

Sina kimulimuli hata kimoja. Lavender anajua. Ana makombora mawili zaidi. Ningezunguka, kama siku zote, na siku zote nikizunguka ndiyo ananipata.

"Jua," akasema Susu.

Nikainua pua ya ndege, nikaenda juu, moja kwa moja, kuelekea lile jua la kwenye skrini. Skrini ikawa nyeupe. Lavender akarusha, na kombora la kufuata joto ukilirusha kuelekea jua linachanganyikiwa lenyewe. Nikasikia onyo likilia, likafifia, likanyamaza. Nikageuza ndege kichwa chini.

Alikuwa pale chini yangu, mdogo kama kifaranga, ananitafuta.

Nikashuka. Mabawa yale mapya hayakutetemeka hata kidogo. Nikamweka katikati, nikabonyeza bunduki.

Na kompyuta ikazima.

Paa. Skrini nyeusi. Feni ikatoa mlio mmoja wa huzuni, harufu ya mpira kuungua ikapanda kutoka upande wa kulia wa kibodi, na nyumba nzima ikabaki ikijitazama kwenye kioo cheusi.

"Imepiga?" Mama Ndanu akanong'ona.

Sikujua. Niliapa sijui. Urbanus alificha tawi nyuma ya mgongo.

Tulikaa hivyo, sijui dakika ngapi. Halafu huko nje, juu ya tangi, sufuria ikaanza kulia.

Josphat ndiye aliyepanda. Yule mtu mzima, mwenye duka, alipanda ngazi ya tangi mbio, akashuka na sufuria nzima, simu ikiwa ndani. Nikaipokea nikaweka spika.

Ni Kioko. Hakuwa anasema maneno. Alikuwa anapiga mayowe tu, na katikati ya mayowe nikasikia, "Umemwangusha."

Sitakueleza kilichofuata, maana sikumbuki vizuri. Najua nilibebwa. Najua Mwalimu Pauline, aliyewahi kunichapa kwa kukimbia darasani, alicheza mpaka kiatu kikatoka. Najua jogoo alipata nafuu ya nusu saa kwa sababu aliyepaswa kumchinja alikuwa anacheza.

Tukiwa bado tunakula, simu ikaita tena. Namba ngeni. Mpigaji alikuwa ameipata yangu kwa Kioko.

"Niaje. Ni Lavender," akasema. "Nieleze tu kitu kimoja. Hakuna mtu anamwaga vimulimuli vyote mara moja. Hiyo ni mbinu gani?"

Ningeweza kumdanganya. Ningesema ni mbinu ya siri. Lakini nimeshakuambia mimi ni mtu wa namna gani. Nikamwambia kuhusu katekista, tawi na kitufe. Nikamwambia kuhusu mwewe.

Akacheka, kicheko kimoja kirefu ambacho bado nakisikia.

"Na kompyuta?"

"Imekufa. Na kuna fomu za watu nane Jumatatu."

"Usiiwashe. Ikaushe vizuri kwanza," akasema. "Kibodi yake ni ya namba gani? Igeuze usome kwa nyuma."

Jumapili iliyofuata, baada ya misa, alishuka kwenye boda mlangoni kwetu. Mkoba mgongoni, kibodi ya mitumba ndani ya mkoba, bisibisi mfukoni. Aliifungua ile kompyuta kwenye meza yetu kwa muda wa kunywa kikombe kimoja cha chai. Ikawaka. Feni ikanguruma. Nilitaka kumkumbatia, nikamshukuru kwa mkono.

Susu alikuwa kizingitini muda wote huo, anamenya mbaazi, anamwangalia bila kupepesa.

"Wewe ndiye umeniangusha mara tano?" akamuuliza.

Lavender akatazama skrini, akaona lile jina mkiani, akamtazama Susu. Akaelewa. Akapiga goti kidogo. "Ni mimi, Susu. Nisamehe."

"Na ni mume wangu umefuata hapa?"

Lavender akanigeukia, macho makubwa. Nilitamani sakafu ifunguke. Nikaanza kueleza habari za jina, na desturi, na babu, maneno yakagongana.

Susu hakunisubiri nimalize. Aliweka ungo chini, akasogea kidogo kizingitini, akapangusa mahali pale kwa leso yake.

"Kaa hapa, mke mwenzangu," akamwambia. "Mbaazi ni nyingi, na huyu mzee wetu hajui kumenya."

Akakaa. Na amekuwa akija kukaa pale karibu kila Jumapili tangu siku hiyo.

Kazi bado natafuta, sitakudanganya. Lakini siku hizi mtu akiniuliza nafanya nini, siinamishi kichwa. Namwambia najazia watu fomu, na alasiri naruka.

Nawe uliyerudi nyumbani na cheti chako, nakuomba kitu kimoja. Usiwafiche watu wako mambo yako kwa sababu unadhani hawataelewa. Mimi nilikaa siku tatu nikiwaonea huruma watu waliokuwa wananielewa kuliko nilivyojielewa mwenyewe. Waulize kwanza. Pengine wamekaa nyuma yako miezi minane, kimya, wakijua mwewe anatokea upande gani.